Marehemu Hakung'aa Hivyo

Kama umo kwenye grupu lolote la WhatsApp la watu wa Embu au Meru, liwe la kanisa, la chama ama la mliomaliza shule pamoja, bango ninalotaka kuzungumzia unalijua. Huwa linafika asubuhi kabla hujapiga mswaki. Mtu amekatwa kutoka kwenye picha nyingine na kuwekwa katikati ya mawingu ya zambarau. Nyuma yake kuna ngazi inayopanda, au njiwa wawili, au mlima wenye theluji ambao ukiuangalia vizuri ni wa Ulaya, na sisi tuna wetu wa mita 5,199 hapo nje. Chini kuna tarehe mbili, mahali pa mikutano ya mazishi na nambari ya kutuma mchango. Na kuzunguka kichwa na mabega ya marehemu, kana kwamba amesimama mbele ya taa za lori, kuna mng'ao wa manjano hafifu.

Sisi tuliokuwa tukiyatengeneza tuliuita glo. "Weka glo." "Ongeza glo kidogo, hapo shingoni panaonekana." Naomba uishike hiyo sentensi ya pili, nitairudia.

Mabango ya tanzia hayahakikiwi. Tunahakiki riwaya, albamu, filamu za Netflix, hata nguo za watu kwenye harusi, lakini bango la mazishi tunalitazama, tunaandika pole, tunaendelea na siku. Naelewa. Nani atamwambia mfiwa kwamba mwanga wa mama yake hauna chanzo? Ila sidhani kuna kazi ya picha inayotazamwa na macho mengi zaidi kwenye barabara ile ya Embu, Runyenjes, Chuka, Chogoria, Nkubu hadi Meru, na kitu kinachotazamwa hivyo kinastahili mtu wa kukiambia ukweli. Tena mimi nina deni hapo. Nimetengeneza mengi. Mojawapo lilikuwa la shosho yangu, na ndilo baya kuliko yote.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu ni zile zile unazozijua, karo na hasira, sitazirudia. Nyumbani sikutaka kurudi, kwa hivyo nikapata kibarua kwenye saiba moja pale Makutano, Meru: kuchapa CV, kujaza fomu za KRA na HELB, kupiga laminesheni, na kazi za watu zikipungua, kutengeneza mabango. Kompyuta ya nyuma ilikuwa na Photoshop CS6 ambayo hakuna aliyewahi kuuliza ilitoka wapi, pamoja na folda ya faili zilizo tayari. Unafungua faili, unatoa uso uliopo, unaweka mwingine, unabadilisha jina. Folda yenyewe ilikuwa imezunguka dunia kabla ya kutufikia. Faili moja tuliyoipenda sana ilikuwa bado na leya iliyofichwa yenye tangazo la mkutano wa injili wa Lagos, tarehe na kila kitu. Kwa hivyo kuna wazee wa Imenti waliosindikizwa chini ya mbingu iliyochorwa kwa ajili ya krusedi ya Naijeria. Sisemi ni dhambi. Mbingu ni moja, wanasema. Mimi ile niliijua mpaka nikaweza kukuonyesha mahali wingu moja lilikuwa limenakiliwa mara tatu.

Bango lilikuwa mia tatu, dakika ishirini. Mfiwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kando yako, macho mekundu, anatazama skrini, na kila ukigusa kitu anashusha pumzi.

Chombo chenyewe hakina utakatifu wowote. Photoshop ilitoka mwaka wa 1990, ikapata leya mwaka wa 1994, na toleo la 5 la mwaka wa 1998 ndilo lililoleta athari za leya, zile unazoziwasha kwa kubofya tu: kivuli, glo ya ndani, glo ya nje. Kabla ya hapo glo ilikuwa kazi ya mkono. Unanakili umbo, unalijaza rangi, unalitia ukungu, unalisukuma nyuma, unaangalia, unarudia. Baada ya hapo ikawa tiki kwenye kisanduku. Na rangi ambayo programu inakupa kabla hujachagua chochote ni ile manjano hafifu, namba zake 255, 255, 190. Nilipoanza nilidhani ni rangi ya kidini. Nilidhani kuna mtu mahali fulani alikaa akawaza utukufu una rangi gani. Kumbe ilikuwa imekutwa pale kwenye kisanduku, na sisi sote, kutoka Maua mpaka Kiritiri, hatukuwahi kuibadilisha.

Kuna hesabu ndogo hapa, usikimbie. Glo ya nje hutumia modi inayoitwa Skrini. Inachukua rangi ya chini na rangi ya juu, inazigeuza zote mbili kinyume, inazizidisha, kisha inageuza jibu. Ukiweka kijivu cha 128 juu ya kijivu cha 128 hupati 256, unapata karibu 192. Modi hii haiwezi kufanya kitu kiwe giza zaidi. Inaangaza tu, na kadiri unavyokaribia weupe inaangaza kidogo kidogo zaidi, hadi ukifika kwenye nyeupe kabisa haifanyi lolote. Weka glo hiyo juu ya ukuta mweupe, hutaiona.

Nilipoelewa hilo ndipo nilipojua kwa nini mbingu ya tanzia zetu ni zambarau iliyoiva mpaka inakaribia kuwa nyeusi. Watu wa sosholojia wangekuambia ni huzuni, au ni rangi ya Kwaresima. Dizaina anajua kwamba glo haionekani mchana. Ukitaka mtu ang'ae, lazima kwanza uzime kila kitu kinachomzunguka: uzime boma lake, uzime migomba, uzime watu. Hata picha ikiletwa yenye jua zuri la saa nne asubuhi na majani chai nyuma yake, jua hilo linafutwa ili mwanga wa kompyuta upate nafasi.

Sasa ile sentensi ya shingoni. Wazee wetu wengi hawana picha waliyopigwa wakiwa peke yao. Wana ya kitambulisho, ambayo hakuna mtu katika nchi hii anapenda yake, na wana za harusi za watu wengine. Kwa hivyo picha inayofika saiba ni ya kundi, imerushwa WhatsApp mara tano mpaka imekuwa uji, marehemu ni wa tatu kutoka kushoto na nusu ya sikio lake iko nyuma ya kofia ya mtu. Unamkata. Kumkata mtu vizuri, na nywele zake, kunataka saa nzima, na wewe una dakika ishirini. Ukingo unatoka kama umetafunwa. Kipande cha gauni la jirani kimebaki kwenye kiwiko, na kwenye shingo kuna mstari mweupe wa tenti iliyokuwa nyuma. Ndipo unapowasha glo. Ukingo unayeyuka. Gauni la jirani linazama. Mfiwa anasema asante.

Hiyo ndiyo kazi ya glo katika mabango yetu. Kinywani tunasema ni nuru ya Bwana, kwenye mkono ni bandeji. Ukitaka kujua marehemu alikatwa wapi kutoka kwa watu wake, tazama panapong'aa zaidi. (Pwani, mwanga ni huu unaoujua, na mwanga pia ni mchawi anayetembea usiku. Kiswahili kilishatuonya.)

Kuficha kwa kutumia mwanga si jambo la kompyuta. Kwenye chumba cha giza cha wapiga picha wa zamani, fundi akitaka uso utoke mweupe zaidi alikuwa anauzuilia mwanga: anashika kipande cha kadibodi kwenye ncha ya waya, anakipitisha juu ya karatasi ya picha wakati inaangaziwa, na palipozuiliwa ndipo palipotoka peupe. Photoshop imekihifadhi kifaa hicho, na alama yake mpaka leo ni kijiti chenye duara. Tuna pia mafundi wetu wa kuunganisha picha. Omar Said Bakor, kwenye studio yake kule Lamu, alikuwa akiwatoa watu mahali walipokuwa na kuwaweka mahali pasipowezekana, kwa mikono, kabla ya hizi programu zote. Tofauti ni kwamba mbele ya kazi kama ile hakuna anayedanganywa, na raha yenyewe ni kujua kwamba imeunganishwa. Bango la tanzia linataka uamini kwamba mtu alisimama hivyo, peke yake, mawinguni.

Na kuna kitu kingine ambacho tunakipita kimya. Ngozi nyeusi ikipigwa picha ya simu ndani ya tenti inatoka giza, macho na meno tu. Dizaina mwenye muda angefungua vivuli polepole, akaacha rangi ilivyo. Sisi tulipaka Skrini usoni. Nimewatengeneza akina mama wa Mbeere, watu waliolima juani miaka sitini, wakatoka rangi ya mandazi ambayo hayajaiva. Hakuna aliyelalamika. Mmoja aliniambia, "Hapo sasa amependeza," na jioni hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikijiona fundi.

Shosho alifariki Runyenjes, ile miezi ya baridi ambayo ukungu hauondoki mpaka saa tano. Picha pekee aliyokuwa akicheka ilikuwa ya harusi ya binamu yangu. Amesimama na gauni la kitenge cha kijani chenye maua, na guka yuko pembeni yake ameweka mkono begani mwake. Vidole vinne vinaonekana juu ya kitenge. Guka si mtu wa kushika watu. Salamu zake ni za mbali, na sikumbuki siku nyingine niliyowaona wamegusana mbele za watu. Naamini mpiga picha ndiye aliyemlazimisha, na nadhani ndiyo sababu shosho alikuwa anacheka.

Tata, dada yake baba, alinipigia simu. "Si wewe ndiye fundi? Tutengenezee. Awe peke yake, apendeze."

Nikamkata. Mkono wa guka ulitoka pamoja na guka, mpaka kwenye kifundo, lakini vidole vilibaki kwa sababu vilikuwa juu ya mwili wa shosho. Ningeweza kunakili kitenge na kuvifunika, ila kitenge kina maua, na maua hayakubali kuungwaungwa ovyo, yanakusengenya. Ilikuwa usiku, nilikuwa nimechoka, na sitaki kusema nilikuwa nalia maana silikumbuki hilo vizuri. Nikachukua brashi laini, modi ya Skrini, manjano ile ile ya siku zote, nikapaka bega. Nikapaka tena. Mara ya tatu vidole vikaisha. Kisha nikawasha glo ya nje ili bega lisionekane limewaka peke yake, nikaweka mawingu, nikatuma. Kwenye simu lilitoka safi. Binamu aliye Qatar aliandika kwamba shosho anaonekana kama malaika.

Siku ya mazishi kulikuwa na baneri ya futi sita kwa nne kwenye tenti. Guka aliketi mstari wa mbele, akaitazama ibada nzima. Wakati wa chakula aliniita, akanyoosha fimbo yake kuelekea kwenye lile bega.

"Hapa nilikuwa nimeshika," akasema kwa Kiembu.

Nikamwambia ndiyo, guka, nilitoa ili shosho aonekane vizuri. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa sheria mpya ya serikali. Akauliza kama kuna chai.

Madizaina wa Nairobi huyacheka mabango haya, wanayaweka mtandaoni na kuandika ushamba, ocha, macho yangu. Kosa lao ni kudhani ugomvi ni wa ladha. Bango lao safi, jeupe, lenye herufi nyembamba na nafasi kubwa, nalo humkata mtu kutoka kwa watu wake. Limeosha kisu tu. Mimi sina chuki na glo. Nenda ukaangalie mabango ya mugithi pale Makutano, yale ya Ijumaa usiku, utaona glo inayojua inachokisema. Jina la mwenye gitaa limeandikwa kama mrija wa neon kwenye ukuta wa matofali. Ndani ya mrija ni peupe kabisa, kama kitu kilichoungua, na rangi ya waridi inaanza nje yake. Hivyo ndivyo taa halisi inavyofanya mbele ya kamera: katikati huzidiwa ikawa nyeupe, rangi ikabaki pembeni. Halafu, na hili ndilo muhimu, waridi hiyo inaangukia matofali, na inaangukia upande mmoja wa gitaa. Georges Claude alionyesha taa za neon Paris mwaka wa 1910. Sisi huku tuliruka gesi na mirija, tukafika kwenye neon kupitia faili, na bado madizaina wa mugithi wamejifunza kwamba mwanga lazima ufike mahali. Umeacha chanzo, umegusa kitu.

Glo ya tanzia haigusi kitu. Inaanzia kwenye ukingo wa mtu na inaishia hewani. Bega linawaka na kola iliyo sentimita mbili kutoka hapo haina habari. (Mabango ya wagombea wa Agosti 2022 siyagusi. Wale waling'aa kwa pesa yao wenyewe.)

Nilikulia mahali ambapo mng'ao si kitu cha ajabu, ndiyo maana uwongo huu unaniuma. Taa kwenye hewa safi haina mng'ao wa maana. Inahitaji ukungu, moshi au vumbi, kitu cha kuutawanya mwanga njiani. Jiko la shosho lilikuwa na koroboi kwenye rafu, na kwa sababu ya moshi wa kuni koroboi ile ilikuwa na duara kubwa la rangi ya chungwa kuizunguka, na kila aliyekaa ndani alikuwa nusu yuko ndani ya duara, nusu yuko gizani. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari. Asubuhi jua lilipita humo kama vijiti. Mwezi wa saba kule Chogoria taa za matatu hufika kabla ya matatu, mpira mkubwa mweupe unaokuja polepole, na wote walio kando ya barabara wanapakwa mwanga huo kwa zamu, mwenye ndizi, mwenye mtoto, mwenye boda. Ukitaka kuitengeneza hiyo kwa kompyuta inawezekana. Nakili leya, bakiza sehemu zenye mwanga tu, tia ukungu wa Gauss mwingi, weka Skrini, punguza, kisha rudi kwa kila kilicho karibu na ukipake rangi ya taa hiyo upande unaoikabili. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayokula muda, na ndiyo ambayo mia tatu hailipi. Inahitaji pawe na watu wengine kwenye picha wa kuupokea.

Barabara hiyo hiyo inateremka hadi daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa. Wiki ile mabango yalikuja kwenye simu yangu moja baada ya jingine, na nilianza kuzitambua mbingu. Ile yenye ngazi. Ile yenye mawingu matatu yanayofanana. Watu waliokufa pamoja, ndani ya gari moja, kila mmoja alipelekwa kwenye zambarau yake binafsi.

Wachoraji wa makanisa ya Ethiopia waliweka duara la manjano nyuma ya kichwa cha mtakatifu, na duara hilo lina mstari ukingoni. Halijifanyi mwanga. Ni alama, kama nyota kwenye bega la polisi: huyu ni wa cheo hiki, basi. Naliheshimu duara lile kuliko glo yetu, ambayo inataka iwe cheo na wakati huo huo ionekane kama kitu kilichotokea mbele ya kamera. Na wazee wa Kimeru wana masimulizi yao kuhusu mwanga, ya kutoka Mbwaa. Watu walipovuka maji wakikimbia utumwa, waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka kukiwa kumekucha wakaitwa Njeru, weupe. Hapo rangi ni saa, na saa ni ya kundi lote lililokuwa majini wakati huo. Sijasikia mzee akisimulia kwamba kuna aliyevuka na mng'ao wake peke yake.

Bango bora la tanzia nililowahi kuona lilitoka upande wa Nkubu, na lilitengenezwa kwa simu. Kijana wa boda boda ameketi kwenye pikipiki yake stejini. Wenzake wawili wako kando, mmoja ameegemea, mwingine amekatika nusu kwenye ukingo wa picha. Hawakuondolewa. Wamepunguzwa mwanga mpaka wamekuwa karibu vivuli, lakini wapo, na kofia zao na viwiko vyao. Hakuna glo kichwani mwa marehemu. Glo iko kwenye taa ya pikipiki. Katikati ni peupe, halafu manjano inapanuka, ina punje kidogo kama vumbi, na imegusa tairi la mbele na suruali ya yule rafiki aliyeegemea. Marehemu mwenyewe anaonekana kwa mwanga unaorudi kutoka kwa vitu vingine. Niliitazama picha ile kwenye matatu nikapitiliza steji yangu.

Sina budi kusema pia kwamba herufi zake ni zile za mikunjo zisizosomeka, kwamba jina la kanisa limeminywa, na kwamba kuna njiwa juu kulia ambaye hana kazi yoyote pale, amewekwa kwa mazoea kama chumvi. Hata hivyo ni kazi iliyosimama. Nilimtafuta aliyeitengeneza, maana mabango haya huwa na nambari ya dizaina chini kwa herufi ndogo. Nilimuuliza alifikaje kwenye wazo la kuwaacha wale wenzake.

Akacheka. Alisema familia iliomba waondolewe, ila simu yake ilikuwa inakwama kila akijaribu kumkata, kwa hivyo akawatia giza, akawasha taa ili kitu fulani king'ae, maana wateja hawalipi bila glo.

Nimelifikiria jibu hilo sana, na sijaona kwamba linaipunguzia picha yake chochote.

Kuna hatua moja ya mwisho ambayo mabango ya simu hayapitii lakini baneri hupitia, nayo ni wino. Skrini ya simu ni taa, ikiongeza mwanga inaongeza kweli. Karatasi na turubai la baneri havina mwanga wa kuongeza. Kitu kinachong'aa kuliko vyote pale ni turubai lenyewe kabla halijachapwa, na kila tone la wino linapunguza. Glo iliyokuwa inawaka saa moja asubuhi kwenye grupu, ikifika kwenye tenti imekuwa doa, kama mafuta ya chipsi kwenye gazeti. Nimesimama nyuma ya mahema mengi nikiyatazama madoa yangu. Watu hawasemi kitu. Walishauona mng'ao kwenye simu, nadhani wanaendelea kuuona.

Baneri ya shosho haikutupwa. Kwa guka hakuna kinachotupwa. Ilifunika mahindi msimu mmoja, kisha ikahamia kwenye kuni nyuma ya jiko, na huko imekaa mvua na jua. Jua lina mpangilio wake: linakula manjano na wekundu kwanza, bluu na nyeusi zinachelewa, ndiyo sababu mabango ya zamani ukutani yote huishia samawati. Nilienda Desemba. Shosho alikuwa samawati mtupu, mawingu yamekuwa kama moshi, na ile manjano ya 255, 255, 190 ilikuwa imeondoka yote. Begani vidole vilikuwa vimeanza kurudi. Viwili wazi, cha tatu ukijua unatafuta nini.

Baneri ilikuwa imekunjwa pande zote nne, sehemu hiyo ikabaki juu. Labda guka ndiye aliyeikunja hivyo, labda ilijikunja tu. Sikumuuliza. Aliniambia nitoe kuni za chini, za juu zimelowa, nikaishika baneri upande mmoja na yeye akashika upande wa pili.